Nani Kavitoa Vitabu vya Cathal?

Kijiwe cha kijiji cha Ballyvarna ni benchi moja tu la mbao, mbele ya duka la mitumba la parokia, na wenyewe hukutana hapo baada ya misa ya saa nne, kila mtu na kahawa yake ya kikombe cha karatasi. Yupo Concepta, aitwaye Redio, kwa sababu matangazo ya vifo ya asubuhi hayampiti hata moja. Yupo Malachy, aitwaye Kasisi, aliyekaa seminari mwaka mmoja akatoroka, lakini mpaka leo anaongea kama aliyemaliza. Na yupo Dympna, mpishi mstaafu wa shule, asiye na jina la utani kwa kuwa hajawahi kufanya jambo la kumpatia jina. Alhamisi hiyo alichelewa, na alipofika hakukaa. Alitupa jicho kwenye dirisha la duka, akasogea mpaka kwenye kioo.

Vilikuwa vitabu vya safari vya Cathal, mzee mwenzao wa kijijini. Asingeweza kuvikosea, maana kila kimoja kilivikwa karatasi ya kaki na kuandikwa jina la mahali kwa wino wa buluu: Palermo, Lisboa, Sevilia, Visiwa vya Ugiriki. Cathal hakuwahi kuvuka mji wa jirani wa Limerick, lakini angekuelekeza njia katika miji hiyo yote, mpaka kona ya kuuzia mkate. Hakuwa akimwazima mtu. Dympna peke yake ndiye aliyeruhusiwa kuvisoma, tena jikoni kwa mwenyewe, akiwa amenawa mikono, na ole wake akikunja ukurasa; cha Lisboa alikirudia kuliko vyote. Mpwa wa Cathal alipomletea kifaa cha kusomea vitabu kwenye kioo, yeye alikirudisha. Alisema kitabu kisicho na harufu ya karatasi ni chai ya kusimuliwa.

— Amekufa, alisema Redio.

— Nani kasema?

— Nimepita kwake asubuhi. Mapazia yamefungwa mchana kweupe. Unataka nikuonyeshe na jeneza?

Dympna alimkumbusha kuwa redioni hakikutajwa kifo cha Cathal. Redio akamjibu kwamba basi amekufa baada ya matangazo, na kwamba yeye tayari ameshaagiza nyama ya nguruwe ya mikate ya matanga, kilo tatu, maana watu watakuja wengi.

Kasisi alitikisa kichwa. Kwa maoni yake Cathal hakufa hata kidogo. Kapata mke mtandaoni, mwanamke wa mjini asiyependa vumbi, na sharti la kwanza lilikuwa vitabu vitoke.

— Cathal na mtandao wapi na wapi, Kasisi?

— Hao wanaojifanya hawajui ndio hao hao.

— Basi macho yamemwishia, alisema Redio, aliyeona matanga yanamponyoka. Kapofuka, kajifungia, na sasa kafa kwa huzuni.

— Au kaingia monasteri, alisema Kasisi. Wale wa kutoongea. Wanakunyang'anya kila kitu mlangoni, najua mimi.

Dympna hakuwasikiliza tena. Alikuwa anahesabu wiki tangu aingie jikoni mwa Cathal mara ya mwisho, na zilikuwa nyingi kuliko alivyodhani. Kiuno kilimsumbua majira ya baridi, halafu ikaja Kwaresima, halafu basi tu. Aliogopa, na aliona aibu kuogopa mbele za watu.

Ndipo Bożena, muuzaji wa duka, akatoka na boksi jingine la vitabu. Ni Mpolandi, ana miezi mitatu tu dukani, na bado anauliza mambo moja kwa moja. Redio alimpa pole ya msiba. Bożena hakumwelewa.

— Msiba gani, mama? Yule mzee kaondoka na basi la saa moja kwenda uwanja wa ndege. Nyumba kauza. Anahamia Lisboa.

Kahawa ya Kasisi ilimwagikia suruali naye asijifute.

— Cathal? aliuliza Redio. Cathal huyu wetu?

— Ndege inamruhusu kilo ishirini tu, na viatu vyake vizito. Alilia alipoviacha vitabu hivi. Bożena aliweka boksi chini, akawatazama mmoja mmoja, akasema: Kavileta kwa toroli, safari tano, tangu Jumatatu mpaka jana. Kila safari anapita hapa, na nyinyi mmekaa hapa. Mliongea naye nini?

Redio alisema toroli lilifunikwa turubai, nao walidhani ni mboji kavu, udongo wa kinamasi unaochomwa kama kuni. Bożena akasema hajauliza walidhani nini.

Wote walikumbuka, maana ilikuwa wiki ya manyunyu. Siku laini leo, Cathal, tumshukuru Mungu. Laini kweli kweli. Mara tano. Hapa Ballyvarna hiyo ndiyo salamu nzima, na anayeongeza swali juu yake huitwa mdaku.

Dympna akakaa sasa, taratibu, ukingoni mwa benchi.

— Mimi aliniuliza kitu jana, alisema. Alikuwa anarudi na toroli tupu, nyinyi mmekwenda kununua kahawa. Akaegesha toroli, akavua kofia, akaniuliza kama bado natamani kuiona Lisboa.

Hata Redio alishusha sauti.

— Ukamjibuje?

— Nilimwambia mvua itakatika jioni.