Uzi wa Bluu Ukutani

VELKO: Haloo? Nani mwenzangu? Sema kwa nguvu, nimesimama karibu na mashine ya zege.

ZLATINA: Mimi, shemeji. Zlatina.

VELKO: Aa, shemeji. Za huko nyumbani? Watoto?

ZLATINA: Wazima. Wanakula. Una dakika?

VELKO: Bosi yuko juu ya paa, ninazo hata tano. Plasta imekauka?

ZLATINA: Imekauka.

VELKO: Ishike kwa kiganja kule pembeni, usije uka—

ZLATINA: Imekauka, Velko. Kitanda cha watoto kinaletwa leo. Ile dabo deka. Wamepiga simu, wako njiani.

VELKO: Mambo si hayo. Na rangi umeshaamua? Kaka alikuwa akitaka manjano, unakumbuka?

ZLATINA: Yoyote.

VELKO: Rangi yoyote hawauzi dukani, shemeji.

ZLATINA: Basi nyeupe. Sikiliza. Mama yako yuko chumbani kwa watoto na nyundo.

VELKO: Nyundo gani?

ZLATINA: Yako, ile kubwa uliyoacha. Anataka kuvunja ukuta.

VELKO: Ukuta upi tena?

ZLATINA: Wa mlangoni. Ule uliomaliza Jumamosi.

VELKO: (anacheka) Bibi wa miaka sabini na tisa. Mwambie aje huku Burgas, tuna hoteli nzima ya kubomoa.

ZLATINA: Rada amemwambia kila kitu.

VELKO: Kila kitu kipi?

ZLATINA: Kwamba Anko Velko aliwapima kwa uzi, yeye na mdogo wake Simo, halafu Anko akaweka uzi ndani ya ukuta, akapiga plasta juu yake.

(Mtandao unakwaruza.)

ZLATINA: Velko? Umekatika au umenyamaza?

VELKO: Nipo. Niliwapima, ndiyo. Nilitaka kujua swichi ikae wapi ili Simo aifikie. Na ngazi ya kitanda.

ZLATINA: Kwa uzi.

VELKO: Futi ilikuwa imetumbukia kwenye ndoo ya saruji, ikaganda. Ningefanyaje?

ZLATINA: Wewe ni fundi, baba yako fundi, babu yako fundi. Unapima watoto kwa uzi kwenye ukuta ambao haujafungwa. Na Mama yuko hapohapo.

VELKO: Hakuwepo. Alikuwa uani anachoma pilipili.

ZLATINA: Sasa yupo. Anasema ukipimwa kwa uzi, na uzi ukafungiwa ukutani, humalizi siku arobaini. Unakufa, ukuta unasimama imara, na wewe unabaki humo unalinda nyumba. Anayasema mbele ya watoto. Simo tangu asubuhi anahesabu arobaini. Akifika kumi na mbili anapotea, anaanza upya.

VELKO: Mambo ya wazee hayo. Wewe unaamini?

ZLATINA: Siamini, sikatai. Niko hivyo tangu Machi. Nikila natafuna tu, sijui kama ni mkate. Lakini ananiambia Ognyan naye alijipima Februari, palepale mlangoni, ili fremu isimgonge kichwa. Machi tukamzika. Nimjibu nini?

VELKO: Kwamba kaka alikufa kwa moyo. Daktari alisema.

ZLATINA: Mwambie wewe. Wewe ndiye mwanawe aliyebaki.

VELKO: Maneno hayo yananichoma, shemeji.

ZLATINA: Samahani. Sikutaka yakuchome. Sikutaka chochote.

VELKO: Haya. Basi mzuie tu. Mpe kahawa, mkalishe chini.

ZLATINA: Velko, shule inafunguliwa tarehe kumi na tano. Rada anaingia la kwanza. Miezi sita tunalala wanne jikoni. Kuna vumbi hadi kwenye mtindi. Naogesha watoto uani kwa beseni. Siku hiyo nataka mtoto aamke kwenye chumba chake, achukue maua yake ya kumpelekea mwalimu, aende. Ni hilo tu ninalolitaka, na hata hilo nalitaka kwa mbali. Ukuta ukivunjwa utarudi lini?

VELKO: Mwisho wa Oktoba. Hapa hawanipi ruhusa.

ZLATINA: Ndiyo hivyo. Nikimwacha avunje, watoto hawana chumba. Nikimkatalia, hatawaruhusu walale humo. Atakaa mlangoni kila siku, akiwahesabia siku zao.

VELKO: Mwambie hakuna uzi.

ZLATINA: Rada ameuona.

VELKO: Rada ana miaka saba, anaona hata—

ZLATINA: Anasema ulikuwa wa bluu.

VELKO: Si unaona. Niliowapimia ni mweupe, uzi wangu wa kazi, uko hapa garini umening'inia kwenye kioo. Naapa kwa kaburi la baba.

ZLATINA: Wa bluu. Ule wa kufungia marobota ya nyasi.

(Mashine ya zege inazimwa.)

ZLATINA: Kwetu hatufugi tena. Uzi wa bluu ulibaki kipande kimoja.

VELKO: Shemeji—

ZLATINA: Jumamosi ulivaa koti la Ognyan?

VELKO: Asubuhi kulikuwa na baridi. Wewe mwenyewe uliniambia, chukua koti lolote hapo nyuma ya mlango.

ZLATINA: Nilisema.

VELKO: Nikatia mkono mfukoni natafuta kiberiti. Ukatoka huo. Una mafundo mawili, moja la unyayoni, moja la utosini. Ni yeye mzima, shemeji. Nilikaa juu ya ndoo nusu saa.

ZLATINA: Nguo zake zote nilizifua. Koti hilo sikulifua. Sijui kwa nini.

VELKO: Ningeutupa wapi? Niambie. Kwenye kifusi? Nikakata mfereji mwembamba ukutani, nikauweka. Nikasema yeye ameshakwenda, uzi hauna tena wa kumuua. Rada aliingia nikiwa na mwiko mkononi. Nikamwambia ni waya wa taa.

ZLATINA: Hakuamini.

VELKO: Ana akili za baba yake. Nilitaka kukwambia, mdomo ukawa mzito. Hata sasa—

(Kishindo.)

VELKO: Nini hicho?

ZLATINA: Mama ameanza.

VELKO: Wapi? Amepiga wapi?

ZLATINA: Chini, karibu na sakafu. Kulia kwa mlango.

VELKO: Mzuie. Zlatina, hapohapo. Ndipo ulipoanzia. Mzuie.

ZLATINA: Mama. Mama, weka nyundo chini. Si wa watoto. Ni Velko, anasema si wa watoto. Ni wa Ognyan. Ule aliojipimia.

VELKO: Anasema nini?

ZLATINA: Amepiga magoti. Ameweka mkono ukutani.

VELKO: Amekasirika?

ZLATINA: Sijui. Anataka simu.

(Mtandao unakwaruza.)

MAMA: Velko.

VELKO: Naam, Mama.

MAMA: Umeuviringisha kama soksi, au umeusimamisha?

VELKO: Nimeusimamisha. Fundo la miguu chini, la kichwa juu.

MAMA: Wima?

VELKO: Wima kabisa, Mama. Nilitumia timazi ya baba.

MAMA: Na wa watoto unao?

VELKO: Ninao hapa, garini.

MAMA: Uchome. Sasa hivi, si jioni. Uchome nisikie.

VELKO: Mama, niko kazini, watu wana—

MAMA: Nimesema nisikie.

(Kiberiti kinawashwa mara mbili.)

VELKO: Unaungua. Umekwisha.

MAMA: Na usipime tena mtu kwa uzi, mjinga wewe. Nunua futi nyingine. Watoto watalala humu. Akilinda yeye, mimi sina neno.

VELKO: Sawa, Mama. Nisamehe.

MAMA: Nilipiga mara moja tu. Kwenye miguu. Sikujua, mwanangu. Ningejua nisingempiga. Haya, ongea na shemeji yako, mimi nina pilipili motoni.

VELKO: Mama? Mama, usilie.

ZLATINA: Ni mimi. Ameondoka.

VELKO: Ameenda kwenye pilipili?

ZLATINA: Hapana. Amechukua ile ndoo yako ya plasta, anakoroga maji kwa kijiko cha supu. Anataka kuziba pale alipopiga.

VELKO: Mwache. Nitakuja kuisugua.

ZLATINA: Watu wa kitanda wamefika. Wameona karatasi ya msiba getini, wamevua kofia, wanaogopa kuingia.

VELKO: Hiyo ya kumkumbuka kaka, ya miezi sita, umeshaibandika?

ZLATINA: Jana. Wachapaji waliniuliza tuweke picha ipi, nikasema yoyote. Wameweka ya leseni ya gari. Kafumba jicho moja.

VELKO: (anacheka kidogo) Siku zote alifumba jicho moja.

ZLATINA: Velko, lile fundo la juu liko wapi?

VELKO: Egemea ukuta. Umeegemea? Pandisha kiganja kimoja juu ya kichwa chako.

ZLATINA: (kiganja kinapapasa ukuta)

VELKO: Umepata? Shemeji?

ZLATINA: Pana ubaridi.

VELKO: Plasta bado changa, ndiyo maana.

ZLATINA: Rada akilala kitanda cha juu, kichwa chake kitakuwa usawa huu.

VELKO: Tulipanga kitanda kikae dirishani.

ZLATINA: Najua tulivyopanga. Simo, waambie wale wajomba waingie. Ndiyo, na viatu vyao, haidhuru. Ukuta huu hapa. Bibi asogee kidogo. Velko, simu inazima, chaja iko chini ya mifuko ya saruji.

VELKO: Unalia?

ZLATINA: Sijui. Uso una maji. Hebu sikiliza haraka, hiyo rangi.

VELKO: Nyeupe, nimesikia, nitakuja nayo.

ZLATINA: Usinunue nyeupe. Nunua ile manjano aliyoitaka. Nilimwambia ni mbaya, tukanuniana siku mbili. Na ni mbaya kweli. Nunua i—

VELKO: Makopo mangapi? Shemeji? Moja au mawili? Haloo?