Fundi Gathogo na Oveni Aliyoitia Kufuli

Baada ya kuchomelea mabomba ya boila yetu kwa miaka kumi na moja, Bwana Gerishon Gathogo anastaafu rasmi tarehe 31 Oktoba 2025. Alifika Kiwanda cha Umeme wa Kuni, Chechelesi, kabla boila haijawashwa hata mara moja, na kati ya wale walioipokea ikishushwa kutoka kwenye lori, ni yeye peke yake aliyebaki kazini. Kamati ya sherehe imeniomba mimi, Abiba Ganya, opereta wa boila, niandike wasifu wake, kwa sababu eti nina maneno mengi. Haya, wameyataka wenyewe.

Fundi alizaliwa Mukurweini, Nyeri, mwaka wa 1965. Ujuzi aliupatia kwenye viwanda vya sukari vya magharibi, akihama kutoka boila moja hadi nyingine. Ugatuzi ulipokuja na hapa kwetu kikajengwa kiwanda cha kuchoma mathenge, ile miti ya miiba iliyokuwa imetushinda kabisa, alileta begi moja na kofia yake ya kuchomelea, akidhani atakaa miaka miwili. Mkewe, Bi Keziah, alibaki nyumbani na kahawa na ng'ombe. Miaka miwili imekuwa kumi na moja, na begi ni lile lile.

Kwa wageni wetu ambao hawajui kazi hii, niseme kidogo. Bomba la mvuke ndani ya boila si kama bomba la maji la nyumbani. Ni la chuma chenye kromu, chuma cha kustahimili joto, na chuma hicho kina maringo kweli kweli. Ukikichomelea kwa rodi ya kuchomelea geti kitakubali leo, kitakaa kimya, halafu wiki ijayo kipasuke mvuke umrukie mtu usoni. Kinataka rodi za aina yake, vile vijiti vya kuungia chuma, nazo rodi hizo hazitaki unyevu hata kidogo. Zikinyonya unyevu, ufa huanza ndani ya chuma mahali ambapo jicho halifiki. Ndiyo maana hukaa ndani ya oveni yenye moto mwaka mzima, Idd iwe, Krismasi iwe. Oveni hiyo Fundi aliipenda kuliko sisi sote, na simsingizii.

Kazi yenyewe ilikuwa ya upweke. Bomba hupashwa moto kwanza, na Fundi alikuwa akilichora kwa chaki inayoyeyuka joto likifika panapotakiwa, ndipo aanze. Akimaliza, bomba lilifungwa blanketi la sufu ya kuzuia joto, lipoe polepole, maana likipigwa na upepo wetu wa Isiolo likiwa bado moto linaweza kupasuka. Mafundi wengine hulifunga wakaenda zao kunywa chai. Fundi Gathogo hakwenda ng'o. Alivuta debe akakaa kando ya bomba hadi lipoe, akituambia kwamba kitu kilichotoka motoni hakifai kuachwa peke yake.

Krismasi ya 2022 alikuwa juu kule kwenye jukwaa la boila na bomba lake, kila mtu amekwenda kwao. Nilimpelekea chai ya maziwa ya ngamia. Akaniuliza habari za watoto wangu mmoja mmoja, kwa majina, yupi amepona kikohozi na yupi bado anakojoa kitandani, hadi chai ikapoa mkononi mwake. Niliposhuka ngazi nilihisi huzuni, kwa sababu siku hiyo nzima hakuna mtu aliyemuuliza habari zake, hata mimi.

Lakini jamani, vituko pia alikuwa navyo. Watu wa kanisa lake hapa Chechelesi walimwomba awarekebishie geti, bawaba tu ilikuwa imekatika. Kazi ya dakika chache. Fundi alichomelea, kisha akalifunga geti blanketi na kuketi kando yake kwenye jiwe, Jumapili asubuhi, waumini wamesimama nje na Biblia zao wakingoja ruhusa ya kuingia. Chuma cha geti hakihitaji mambo hayo, na hakuna anayelijua hilo kuliko yeye. Nilipomtania kesho yake alicheka, akaniambia kwamba watu wengi walisimama kumsalimia. Nami nikacheka, lakini jibu lile halijanitoka.

Hakuwa hivyo tangu mwanzo. Miaka ya kwanza chakula cha mchana tulikula stoo, kwake, karibu na ile oveni. Bi Keziah alikuwa akituma mukimo, viazi vilivyopondwa na mahindi, kwa basi, na Denge Umuro, mchochea moto wetu, alileta nyirinyiri za mama yake, zile nyama za kukaushwa zilizozama kwenye mafuta. Sahani ilizunguka. Denge ana mdomo kama redio isiyo na swichi, na Fundi alikuwa akimsikiliza huku akicheka hadi miwani inamtoka. Walipendana, wale wawili, mzee na kijana, Mkikuyu na Mborana, kila mmoja akikisema Kiswahili kwa namna yake.

Halafu ikaja Idd ya 2017, mwaka wa kiangazi kibaya. Idd ilimkuta Denge kwenye zamu, na mama yake, maskini, akamletea sufuria ya pilau na sambusa. Pilau ikapoa. Denge akatazama huku na huku, akaiona oveni ina moto wake mzuri na haina kazi nyingine ila kulea vijiti. Akaisukuma sufuria ndani, bila kifuniko, juu ya rodi, akarudi kuchochea moto. Mvuke wa wali ukafanya kazi yake mchana kutwa. Nani angemlaumu kwa kutojua? Kwa macho yake, ile ilikuwa oveni.

Kesho yake bomba likavuja. Fundi akafungua oveni achukue rodi, akakutana na harufu ya pilau. Hakufoka. Alitoa rodi zote akaziweka sakafuni, akasema hatachomelea, kwa sababu hana imani nazo tena. Meneja wa wakati ule alimbembeleza, akamtisha, akambembeleza tena. Fundi alitikisa kichwa tu. Rodi nyingine zikaagizwa Nairobi, zikachukua siku mbili kufika, na siku hizo mbili boila ilikuwa baridi.

Wengi mnakumbuka pampu za visima zilikuwa zinategemea umeme wetu. Birika za mifugo zilikauka. Ng'ombe na mbuzi walioletwa kwa miguu kutoka upande wa Garbatulla walisimama wakilamba saruji, na wenyewe wakaja getini kwetu na hasira zao, wana haki. Fundi alitoka akasimama mbele yao. Aliwaambia kwamba aliyekataa kuwasha ni yeye, wala si mwingine, na kwamba bomba lile likipasuka litaua watu. Jina la Denge hakulitaja. Denge alikuwa nyuma ya boila analia, nilimwona kwa macho yangu. Mbuzi wa watu walikufa siku zile, na Fundi aliwaona wakifa.

Rodi mpya zilipofika, boila ikawashwa. Jioni hiyo Fundi alikwenda sokoni akanunua kufuli kubwa la mlango wa duka, akalitia kwenye oveni, akatangaza kwamba chakula hakitaingia stoo tena. Tangu siku hiyo alikula peke yake nje ya stoo, chakula baridi, akiwa ameupa mlango mgongo. Hakumnunia Denge. Walisalimiana vizuri kila asubuhi na kazi ikaenda. Lakini sahani haikuzunguka tena kati yao, na Denge aliacha kuleta nyirinyiri. Miaka minane! Mtu angedhani mmoja wao angevunja kimya, au sisi wenye midomo mirefu tungewasaidia. Hakuna aliyethubutu.

Mwaka wa 2021 Bi Keziah alifariki. Tulikwenda Mukurweini kumzika, na Denge alikuja, akabeba mawe ya kaburi pamoja na vijana wa kule, kisha akaenda kuketi ndani ya basi. Fundi alirudi kazini na mkate mkavu kwenye mfuko wa karatasi, na kwa muda mrefu huo ndio uliokuwa mlo wake. Bintiye Nyawira yuko Qatar, humpigia simu Jumapili. Nyumba ya Mukurweini imefungwa. Basi Fundi ameamua atabaki hapa hapa Chechelesi, kwenye chumba chake kimoja.

Aliponiambia hivyo niliingiwa na hofu, niseme ukweli. Mambo ya kazi yake najua kuyasifu: hakuna kiungo alichochomelea kilichowahi kupasuka, na sisi tunaokaa mbele ya boila tunarudi nyumbani na nyuso zetu kwa sababu yake. Lakini kiwandani angalau alikuwa na bomba la kukaa nalo. Kuanzia Novemba, mtu huyu aliyekaa na kila kitu kilichotoka motoni, nani atakaa naye? Nililiwaza hilo nikiwa kazini, nikaliwaza nikipika.

Mwezi wa nane tuliletewa oveni mpya ya rodi, na ile ya zamani ikatupwa nje na vyuma chakavu. Ndipo kamati ikamwita Fundi kumuuliza angependa zawadi gani. Tulikuwa tumeshapendekeza tangi la maji, au kochi, au mbuzi wawili wa maziwa. Fundi akaomba ile oveni kuukuu. Meneja wetu, Bwana Gatakaa, alidhani anataka kufungua karakana, akamshauri kwa upole kwamba umri umekwenda, apumzike. Fundi alimshukuru, akasema bado ni oveni anayoitaka.

Kutoka kwenye kikao hakurudi stoo. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye mdomo wa tanuri, alikokuwa Denge, na sisi tuliokuwa hapo tukaacha kazi. Alimwambia kwamba ile oveni sasa haina rodi tena. Akamwambia itakuwa chumbani kwake Chechelesi, itakuwa na moto, na kwamba Ijumaa ya kwanza baada ya kustaafu angefurahi kula pilau ya moto. Akaongeza kwamba mama Denge akiwa na nguvu bado, nyirinyiri pia hazitakataliwa.

Denge, redio yetu isiyo na swichi, aliacha kuchochea. Koleo likamtoka mkononi. Kisha akauliza kama alete na sambusa. Fundi akasema alete, na sisi wengine tuliokuwa tumejifanya tunasoma geji za mvuke tukageuka kufuta macho. Msiseme ni moshi wa mathenge, mimi nilikuwepo.

Fundi, kwa niaba ya wafanyakazi wote, asante kwa kazi ya mikono yako, na asante kwa ile siku uliyosimama getini peke yako. Mungu akupe miaka mingi ya afya na nyumba isiyokosa wageni. Mimi nitakuja na chai ya maziwa ya ngamia, na safari hii nitakuuliza habari zako kwanza. Oveni vijana wameshaipeleka kwa mkokoteni. Kufuli limebaki hapa stoo, juu ya rafu, maana ulisema hulihitaji.