Ndugu Agapiti Chinguile, Aliyetunyima Salamu kwa Miaka Kumi na Miwili

Jumanne ijayo, tarehe 30 Juni 1987, Ndugu Agapiti Chinguile, Muuguzi wa Wagonjwa wa Akili, atastaafu baada ya miaka thelathini kamili kazini. Miaka kumi na mitatu ya mwisho ameitumia hapa hospitalini kwetu, akihudumia Nachingwea, Ruangwa na vijiji vya katikati kwa baiskeli moja ambayo imeshabadilishwa kila kitu isipokuwa kengele. Kamati ya sherehe imeniteua mimi, mtunza stoo ya dawa, niandike wasifu wake. Nadhani ni kwa sababu mwandiko wangu unasomeka.

Ndugu Chinguile alizaliwa Malolo mwaka 1932, akasoma shule ya misheni, kisha akafunzwa uuguzi na kupelekwa Dodoma kuhudumia wagonjwa wa akili. Alipoletwa kwetu mwaka 1974 alipewa chumba kilicho nyuma ya chumba cha dobi, mabenchi mawili, meza na kabati lisilofungika. Wakati ule mgonjwa wa akili alikuwa na njia mbili tu: kufungwa gogo mguuni nyumbani, au kupakiwa kwenye Landrova akiwa na askari. Ndugu Chinguile alianza na magogo. Baba mmoja alikataa katakata kumfungua kijana wake, basi muuguzi akaketi na familia ile siku mbili, akila walichokula, mpaka baba mwenyewe akaenda kuchukua shoka.

Dawa alitoa, vidonge na sindano za kila mwezi, lakini alisema dawa humtuliza mtu, haimfundishi kuishi. Kwa hiyo kila mgonjwa aliyeweza kuzungumza alipewa kazi ya nyumbani, kama mwanafunzi. Mama mmoja alikuwa hajatoka nje tangu amzike mwanawe. Wiki ya kwanza kazi yake ilikuwa kukaa kizingitini tu, ya pili kufika kwa jirani, na msimu wa korosho ulipofika alikuwa anaokota na wenzake. Mwalimu mmoja aliamini darasa zima linamcheka. Alipewa kazi ya kuhesabu, kati ya wanafunzi arobaini na wawili, ni wangapi hasa wanaocheka. Alirudi na hesabu ya watatu, na hao walikuwa wanachekana wenyewe kwa wenyewe. Visa hivi Ndugu Chinguile alinisimulia bila majina wala vijiji, na hata hapo ilibidi nimbembeleze. Waganga wa kienyeji nao alielewana nao. Aliwaomba mambo mawili tu: mgonjwa asipigwe, na vidonge vinywewe pamoja na mizizi yao.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kila mkazi wa hapa analijua. Ndani ya uzio wa hospitali Ndugu Chinguile husalimia mpaka kuku. Akishatoka getini, hamsalimii mtu. Ukimwanza ataitika vizuri na kukuulizia wa nyumbani. Usipomwanza, atakupita kana kwamba wewe ni mti. Amewapita hivyo padri, katibu kata na mama mkwe wake mwenyewe, Bibi Rosa, aliyekuwa na kapu kichwani. Mwaka 1979 wazee walimwita wakamshtaki kwa maringo. Alikubali kosa, akatozwa kuku, na Jumamosi iliyofuata akapita sokoni vilevile. Bibi Marselina, muuza vitumbua, ndiye aliyetoa hukumu iliyoenea wilaya nzima: “Yule bwana mshahara wamempa, mdomo wamemnyima.”

Sababu yake aliniambia mwezi uliopita, nilipokuwa nakusanya habari za wasifu huu, na amenipa ruhusa kuiandika. Mwaka 1975, kwenye mnada, alimwona msichana aliyekuwa mgonjwa wake na aliyepona kabisa. Akafurahi, akamsalimia kwa jina na kumuuliza kama bado anakumbuka vidonge vyake. Msichana alikuwa amesimama na watu wa upande wa mchumba wake. Kabla wiki haijaisha posa ilikuwa imerudishwa. Ndugu Chinguile alienda kwa wazazi wa binti kuomba radhi, wakamsamehe, lakini binti alishahama. Tangu siku hiyo akaamua mgonjwa ndiye atakayechagua kama wanajuana. Na kwa kuwa kama angewasalimia wengine wote na kuwaruka wagonjwa, watu wangewagundua mara moja, aliamua kutomwanza mtu yeyote. Hakujitetea kwa wazee kwa sababu aliona utetezi wake ungewafanya watu waanze kuhesabu nani anamsalimia na nani hamsalimii.

Kamati ilimpelekea karatasi ajaze majina ya wagonjwa waliopona, yasomwe siku ya sherehe. Aliirudisha tupu, akiandika chini kwamba ni wengi na wako kazini. Katibu wetu, Ndugu Anselmo, alikasirika, akasema mafanikio bila ushahidi hayasomeki. Ushahidi ninao mmoja, na ruhusa ya kuutoa ni yangu mwenyewe.

Nilihamishiwa hapa kutoka Bukoba mwaka 1980. Mwaka 1982 nilianza kurudi stoo kuhakikisha nimefunga kufuli. Kwanza mara tatu, mwishowe mara thelathini. Nikawa nahesabu chupa za klorokwini upya huku foleni ikisubiri juani, na siku moja mama aliyebeba mtoto mwenye homa alichoka, akaondoka bila dawa. Barua ya kuniondoa kazini ilikuwa imeshachapwa. Asubuhi moja Ndugu Chinguile alinipita hapo ndani ya uzio, akanisalimia kama kawaida, akaongeza kwamba Alhamisi benchi lake lina nafasi.

Kazi aliyonipa ilikuwa hii: nifunge mara moja, nimkabidhi ufunguo, tukakae mbali, na kila robo saa niandike kwenye daftari uzito wa hofu yangu, sifuri mpaka kumi. Siku ya kwanza niliandika kumi, kumi, kumi, tisa. Shati lilikuwa limelowa. Nilimsihi aniambie tu kwamba kufuli limefungwa, naye akakataa, akasema akiniambia atakuwa amenirudisha pale mlangoni. Wiki ya saba niliandika mbili. Barua haikutumwa. Leo nafunga mara moja, na siku mbaya mara mbili.

Miaka mitano tangu hapo nimekutana naye sokoni kila Jumamosi, na kila Jumamosi nimempita kimya, naye akaangalia vitunguu. Kila Bibi Marselina aliporudia ile kauli yake watu walicheka, na mimi nilicheka nao. Hilo linaniuma mpaka sasa. Najua watakaosoma hapa watasema dawa zao zinatunzwa na kichaa. Waseme. Ndugu Anselmo anaweza kupunguza maneno yangu mengine, lakini naomba mstari huu usiguswe: mimi, Eustace Rwegoshora, nilikuwa mgonjwa wa Ndugu Agapiti Chinguile.

Kwa niaba ya watumishi wote tunakushukuru, Ndugu Chinguile, na tunamshukuru mkeo, Mama Auleria, aliyevumilia kusutwa pamoja nawe. Tunakuombea afya, mvua za wakati na korosho nyingi huko Malolo. Wale watakaoendelea kukupita kimya, tunajua utawaelewa. Mimi Jumanne saa kumi jioni nitakuwa sokoni, mbele ya meza ya Bibi Marselina. Ukipita nitakuamkia wa kwanza, kwa sauti, halafu nitageuka nimweleze bibi yule kwa nini.