Kila Jumapili, Saa Nne Asubuhi

Marehemu dada yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1968, kifungua mimba wa mwalimu wa hesabu na mshona nguo. Mimi ninayesoma wasifu huu ndiye mdogo wake. Tulizaliwa wawili tu, kwa hiyo ugomvi wote wa nyumba ile tuligawana sisi.

Alisoma shule ya msingi jirani na nyumbani, kisha sekondari ya bweni, na mwaka 1990 akahitimu ufundi umeme. Darasani walikuwa wasichana wawili.

Alianzia kwenye simu za mezani, na mwaka 2006 akahamia kituo cha kuhifadhi kumbukumbu za hospitali. Zilikaa kwenye mashine nane zilizopaswa kuwasiliana muda wote, kwa kasi kubwa, kupitia poti, yaani vile vitundu vya kuchomekea nyaya. Yeye ndiye aliyesimamia poti hizo, na wenzake wakamwita Mama Poti. Kila mashine ilikuwa na poti ya kazi na ya akiba. Kila Jumatatu aliijaribu ile ya akiba. "Hii isiyotumika ndiyo inayokufa kimyakimya," alisema, "halafu siku unayoihitaji, huna."

Aliolewa na fundi saa tarehe 9 Desemba 1995. Shemeji anasema mkewe alibandika majina kwenye nyaya zote za nyumbani, hata waya wa pasi.

Baba alipofariki mwaka 2016, dada alichelewa kufika. Poti za mashine mbili zilikuwa zimezimika, na madaktari hawakuweza kusoma mafaili ya wagonjwa. Mimi nikamwambia mbele ya watu kwamba anapenda mashine kuliko wazazi. Tangu hapo hatukuzungumza. Ila kila Jumapili, saa nne asubuhi, simu yangu ililia. "Napima laini tu," alisema, akakata. Miaka saba! Nami, kwa kiburi changu, sikuwahi kumwambia asikate.

Tarehe 14 Mei 2023 simu haikulia. Nilingoja robo saa, nikampigia shemeji, na kabla ya adhuhuri nilikuwa wodini. Moyo wake ulikuwa umechoka. Nilimwomba msamaha. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nimekupata vizuri, mdogo wangu," alisema. "Sasa usikate."

Tulipata siku ishirini na sita, na nyingi tulibishana kama zamani. Nilifurahi mno. Alifariki Ijumaa, tarehe 9 Juni 2023, saa nane mchana.

Ameacha mama, mume, mabinti wawili, mjukuu mmoja, na mimi.

Jana, Jumapili, saa nne asubuhi, nilipiga namba yake. Shemeji akapokea.

"Napima laini tu," nikamwambia.

"Iko hewani, shemeji. Jumapili ijayo upige tena."

Dada, pumzika kwa amani. Nitapiga.