Nilitaja Kazi Moja, Nikaficha Mbili

Kina mama wenzangu, mliotoka kanisani na mliotoka msikitini, amani iwe nanyi. Mwenyekiti aliponiomba nisimame nilimwambia mimi si msemaji. Akanijibu, "Hatutaki hotuba, tunataka yaliyokupata." Basi nitasema yaliyonipata, na majina ya watu nitayaacha yalipo.

Wengi mnanijua hapa mtaani Dixon, lakini hamjui kwamba kule Moshi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Nilifika Toronto mwaka 2006 na cheti changu nimekifunga kwenye bahasha ya plastiki kisilowe. Nanyi mnajua jinsi vyeti vyetu vinavyopokelewa huku. Baada ya miaka michache nilikuwa na kazi tatu, zote za saa chache. Asubuhi nilipanga vyakula vya abiria kwenye jiko moja karibu na uwanja wa ndege. Jumanne na Alhamisi alasiri nilikwenda nyumba ya wazee, kuwaogesha na kuwavisha. Jumamosi na Jumapili nilisafisha ofisi kule Agincourt, upande wa pili wa mji. Kila meneja aliamini mimi ni wake peke yake. Akinipigia simu niongeze shifti nasema, "Naweza," halafu naanza kuhangaika.

Ndugu zangu wa nyumbani wakiniuliza nafanya kazi gani, nawaambia nahudumia wazee. Ni kweli. Ila ufagio sikuwahi kuutaja.

Sasa nitasema jambo la kike, na wale wanaume waliokuja kutubebea viti watanisamehe. Nilianza kutokwa damu nyingi, siku kumi, siku kumi na mbili kwa mwezi. Nikipanda ngazi nasikia moyo unagonga masikioni. Daktari akakuta vivimbe kwenye kizazi, hivi tunavyoviita fibroidi. Akasema damu imepungua mno, nipasuliwe, kisha nipumzike wiki sita bila kunyanyua kitu. Nilicheka. Nikamwuliza, "Siwezi kupumzika wiki moja?" Yeye hakucheka.

Waajiri wangu wote watatu hawakulipa siku za ugonjwa kwa sisi wa saa chache. Lakini nilisikia kwamba ile bima ya ajira, inayokatwa na serikali kwenye kila mshahara, humlipa hata mgonjwa. Nikajaza fomu. Pale panapouliza waajiri, nikaandika nyumba ya wazee peke yake.

Kwa nini? Nawaambia kweli. Kwanza niliogopa. Nilidhani serikali ikijua nina kazi tatu itaniona mjanja, au itawapigia mameneja na kila mmoja aseme nilimdanganya. Pili, niliona aibu. Mwalimu mzima, niandike kwa mkono wangu kwamba nasafisha vyoo? Nikachagua kazi iliyokaa vizuri kwenye karatasi.

Jibu likaja: saa zangu hazitoshi. Zilitakiwa saa mia sita kwa mwaka, na za nyumba ya wazee pekee hazikufika. Nilikaa na barua ile jikoni kwangu nikalia. Kisha nikapiga simu hospitali nikaahirisha upasuaji.

Miezi miwili baadaye, Alhamisi moja, nilikuwa namwogesha bibi mmoja, mwanamke wa Kireno mwenye miaka tisini na kitu. Nilikuwa nimemshika mkono ili nimkalishe kwenye kiti cha bafuni. Macho yakaingia giza. Namshukuru Mungu alikuwa ameshakaa, maana mimi nilianguka chini kama mzigo. Yule bibi, ambaye kufunga kifungo tu hakuweza, alinyoosha mkono akavuta kamba ya dharura. Wenzangu wanasema walimkuta ana sabuni kichwani, anapiga kelele kwa Kireno, na mguu wake ameuweka juu ya bega langu ili nisijigonge kwenye bomba.

Ingekuwa dakika moja kabla, ningeanguka naye. Na mifupa ya umri ule mnaijua. Nilipokuwa hospitali naongezewa damu sikuwaza ugonjwa wangu. Niliwaza kwamba kwa kunyamaza kwangu nilikaribia kumuua mama wa mtu.

Jirani yangu, dada mmoja Mkenya wa ghorofa ya tisa, alikuja kunitazama na chupa ya uji. Kazi yake ni kutayarisha mishahara kwenye kampuni. Nikamweleza, nikampa na ile barua iliyokuwa mkobani. Akaisoma mara mbili.

"Hii ni kazi moja tu. Zile zingine mbili ziko wapi?"

"Sikuziandika. Niliogopa wataniona mwongo."

"Ai, dada! Sasa si hapo ndipo ulidanganya? Kila kazi ilikuwa inakukata hiyo bima?"

"Zote tatu."

"Basi saa zote zinajumlishwa. Zote! Kuwa na kazi tatu si makosa. Ukitoka hapa, enda kila mahali uitishe rekodi ya ajira, ile karatasi ya saa ulizofanya. Halafu tutaenda ofisi ya bima pamoja."

Kina mama, kuyasikia maneno hayo kulikuwa rahisi. Kwenda kwa mameneja ndiko kulikonitoa jasho. Wa jikoni alipandisha mabega tu, akaichapa rekodi siku ileile. Yule wa usafi aliniambia, "Sijakufukuza, karatasi ya nini?" Nikamwambia hutolewa hata mtu akisimama kwa ugonjwa. Akaniuliza kama nina kazi nyingine. Nikasema, "Ninazo mbili." Alinitazama, akasema, "Kumbe ndiyo maana unasinzia kwenye lifti." Rekodi aliitoa nilipomfuata mara ya tatu.

Ofisini tulimkuta mwanamume wa makamo, mpole. Nikaweka karatasi ya nyumba ya wazee mezani. Akauliza, "Kuna nyingine?" Nikaweka ya jikoni. "Kuna nyingine?" Nikaweka ya usafi, na cheti cha daktari juu yake. Akaandika kwa muda, kisha akageuza kioo cha kompyuta nikione. Saa zangu zilizidi mara mbili ya zinazotakiwa. Nikaanza kujieleza kwa nini mwanzo nilificha, nikamwambia habari za ualimu, habari za aibu. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Mama, mimi nilihitaji majina ya waajiri tu."

Yule dada jirani yangu alinishika mkono chini ya meza. Nililia tena, ila kilio hiki kilikuwa kingine.

Nilipasuliwa. Sitawapamba: malipo hayakufika mshahara wangu wote, yalizidi nusu kidogo tu, na wiki mbili za mwanzo hazikulipwa kitu. Kazi ya Agincourt nilikuta ameshapewa mtu mwingine. Lakini nilipumzika wiki zote sita, na leo napanda ngazi nikiongea.

Nawashukuru ninyi mlionipikia zile wiki mbili kavu, hata wewe uliyeleta makande yasiyo na chumvi kwa kufuata amri ya daktari ambayo daktari hakuitoa. Namshukuru dada yangu wa ghorofa ya tisa. Na yule bibi wa Kireno, Mungu amrehemu, nilirudi kumwogesha hadi alipotutoka.

Ninalowaachia ni hili. Jasho lako lote ni jasho, la jikoni na la chooni; usilichuje unapoandika mbele ya watu. Najua humu ndani yumo mtu anayeumwa na kesho ana shifti. Sitakuuliza jina wala ugonjwa. Nitabaki hapa tukimaliza chai, nimekuja na miwani na kalamu. Njoo tujaze.