Ripoti Tuliyoitoa Kando ya Kitanda

Bwana Yesu asifiwe! Na ndugu zetu Waislamu, asalaam aleikum. Mwenyekiti amenipa kipaza sauti, lakini sitasimama kule mbele. Nitasimama hapa karibu na dirisha, penye mwanga, ndio wale wanaosoma midomo wauone wangu vizuri. Na wewe dada unayetutafsiria kwa ishara, nikianza kukimbia na maneno niguse bega. Nikifurahi huwa nakimbia, na leo nimefurahi kupita kiasi.

Mimi ni nesi. Nimevaa hiyo sare miaka mingi, mingi zaidi hapa hapa Voi. Hospitali sitaitaja, wala jina la mtu yeyote. Si siri, ni vile baadhi ya watu nitakaowasema hawapendi kusifiwa, na mmoja akisikia nimemtaja atanuna wiki nzima.

Kwetu ni milimani. Nilikua nikisikia mama akiniita kutoka shamba la ng'ambo ya bonde. Kwenye kwaya niliimba sauti ya pili, na mwalimu wa kwaya alikuwa akisema kwamba mtu akikosea noti, mimi ndiye wa kwanza kukunja uso. Nawaambia haya mjue nilikuwa na masikio. Sikuzaliwa hivi.

Wadi niliyosimamia ni ya wanawake. Sasa, kwa wale ambao si wa hospitali, kuna kitu tunaita ripoti. Ni ule wakati zamu ya usiku inaondoka na zamu ya mchana inaingia, halafu wanaotoka wanawaeleza wanaoingia kila mgonjwa yukoje. Sisi tulikuwa tunatoa ripoti ndani ya chumba kidogo cha wauguzi. Mlango umefungwa, feni juu inapiga kelele kama posho mill ya kusagia mahindi, watu wanaagana, mwingine anatafuta viatu vyake. Ndivyo tulivyoikuta, ndivyo tulivyoiendeleza.

Na mambo yalikuwa yanapotea humo. Mgonjwa anaambiwa hivi na huyu, vile na yule. Wakubwa wakaona, wakatuita semina. Tukaambiwa kuanzia Jumatatu ripoti itolewe kando ya kitanda, mgonjwa mwenyewe akisikia. Tulipiga makofi! Tukanywa chai, tukala sambusa, tukapigwa picha. Jumatatu ikafika tukaingia kwenye kile chumba chetu na kufunga mlango. Ukaja waraka, ukabandikwa ukutani. Ukaja wa pili, ukabandikwa juu ya ule wa kwanza. Mnacheka, lakini hata ofisini kwenu mnazo hizo karatasi.

Basi katikati ya hayo, masikio yangu yakawa yanaondoka polepole na mimi sina habari. Nyumbani watoto wananiambia, "Mama, punguza TV." Mume wangu ananiita mara tatu, ya nne anakasirika. Mimi nilidhani watu wa siku hizi wanaongea ndani ya meno. Barakoa zilipokuja ndio nikaanza kuona kila mtu anaguna tu. Kumbe kwa muda mrefu nilikuwa nasikia kwa macho, nasoma midomo bila kujua, na sasa midomo imefunikwa.

Asubuhi moja mwenzangu akawa anatoa ripoti. Kulikuwa na mama wa Marungu wa kufanyiwa upasuaji siku hiyo. Mwenzangu amegeukia dirisha, amevaa barakoa, feni inapiga kelele. Akasema, "Huyu asipewe uji." Mimi nikasikia, "Apewe uji."

Ndugu zangu, lile "si" moja dogo. Ndilo lililoniangusha.

Mama akanywa uji. Upasuaji ukaahirishwa. Mume wake alikuwa ametoka kwake akiwa amewaachia majirani mbuzi wote, amekuja kumwombea mke wake mlangoni mwa thieta. Nilipomweleza, hakunitukana. Alinitazama tu, akakaa chini kwenye benchi. Heri angenitukana.

Daktari mkuu akaniita. "Sista, ulisikia ama hukusikia?"

"Nilisikia apewe, daktari."

"Wote mle ndani walisikia asipewe."

Nikapelekwa kliniki ya masikio. Wakaniketisha ndani ya kijumba, wakanivisha vile vifaa vya masikioni, wakaniambia, "Ukisikia mlio, bonyeza hapa." Nikakaa, nikangoja waanze. Nikangoja. Nikasikia mlio mmoja mmoja, mzito, wa mbali. Nikaendelea kungoja waanze kabisa. Mlango ukafunguliwa, yule kijana akasema, "Tumemaliza, mama."

Hapo ndipo nilipojua.

Nilipewa hivi vifaa vya kusikia, mnaviona. Ni vizuri, namshukuru Mungu. Lakini wenzangu mnajua: penye utulivu vinasaidia, penye fujo vinakuletea fujo zaidi. Kwenye kile chumba chenye feni vilikuwa kelele tupu. Basi nikaondolewa wadini, nikapelekwa stoo ya mashuka. Nikae nikunje, nihesabu, nigawe. Walisema ni kwa muda.

Naomba niseme ukweli hapa kwa sababu ninyi mtanielewa. Niliacha kwaya. Nilianza kukaa kanisani nyuma kabisa, kisha nikaacha kwenda. Nyumbani nilikuwa najibu "ndio" kwa kila kitu, hata nikiulizwa swali lisilo na "ndio" ndani yake. Mume wangu akachoka kurudia, akaanza kunyamaza. Watu wawili kwenye nyumba moja wananyamaziana bila kugombana! Nikaamua moyoni kwamba nitaacha kazi nirudi kulima. Nilikuwa nimeshachagua hata mahali pa kupanda maharagwe.

Ndipo akaletwa metroni mpya, yaani mkuu wa wauguzi wote wa hospitali. Mama mfupi, mtu wa Taveta, anayetembea kama amechelewa gari. Siku moja akaingia stoo kwangu, akafunga mlango, akavuta fungu la mashuka na kuketi mbele yangu hasa, uso kwa uso. Akaondoa barakoa.

"Mama, ukitaka kurudi wadini unahitaji nini?"

Nikamwambia, "Metroni, siwezi kurudi. Mimi sisikii."

"Hilo nimeshaambiwa. Sijauliza hilo. Unahitaji nini?"

Jamani. Tangu yale mambo yaanze hakuna aliyeniuliza. Walikuwa wameniuliza ninaumwa wapi, shida ilianza lini, nitastaafu lini! Nililia kwanza, nikalowanisha shuka za serikali. Kisha nikasema: "Anayeongea awe mmoja. Aniangalie. Pasiwe na feni. Na yule mgonjwa anayezungumziwa nimwone hapo mbele yangu, ndio hata neno likinipita, nimtazame niulize."

Metroni akaanza kucheka, anajipiga mapaja. "Unajua umenieleza nini? Umenieleza ule waraka!"

Akasema hataandika waraka wa tatu. "Jaribu wewe, kona moja ya wadi, vitanda vichache. Ikikataa tunaibadilisha. Ikikataa tena tunaiacha, na hakuna atakayeitwa ofisini." Halafu akaniuliza, "Ni nani anayelipinga hili jambo kuliko wote?"

Kila mtu alimjua. Kulikuwa na nesi mmoja mwanamume, baba yake alitoka magharibi mwa nchi kuja kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge, naye amezaliwa huku huku. Kazi anaijua, na mdomo anao. Siku ya semina ndiye pekee ambaye hakupiga makofi.

"Basi," metroni akasema, "huyo ndiye utakayeanza naye."

Nilimkuta kantini na chai yake na chapati. Nikamweleza. Akageuza kiti.

"Dada, nakuheshimu, lakini hiyo ni kazi ya vitabu. Mama ana ugonjwa wa siri, na kitanda cha pili amelala wifi yake. Utasema nini hapo? Voi hii ni ndogo! Halafu watu wametoka usiku, wamechoka, unataka ripoti iwe ndefu kama mahubiri ya Pasaka."

Ningekuwa bado yule msimamizi wa zamani ningembishia. Lakini nilikuwa nimechoka kujifanya ninalo jibu la kila kitu. Nikamwambia, "Sina jibu, kaka. Wewe ungefanyaje?"

Akatafuna chapati. Akafikiri. "Mimi? Ya siri ningeimaliza mlangoni kabla ya kuingia. Kando ya kitanda ningesema tu kilichobadilika na cha kuangaliwa. Basi."

Nawaambia, alikuwa ameshaanza kuijenga na hajui!

Tukaanza. Asubuhi ya kwanza ilikuwa aibu. Tulisimama kando ya kitanda kama watu wanaosoma habari redioni, mwenzetu mmoja akaangua kicheko. Mgonjwa akavuta shuka hadi kidevuni, alidhani anakaribia kufa. Ya pili tulichelewa sana, wa usiku wakatukasirikia. Yule kaka wa kantini akasema, "Si nilisema?" Lakini hakuondoka. Akakata maneno hapa, akapunguza pale. Akaamua tumsalimie mgonjwa kwanza kwa jina na kumweleza tunachofanya. Kwa wagonjwa wa kikohozi, ambako barakoa haivuliwi, akasema yeye atakuwa ananiandikia kwenye kiganja cha glavu. Mimi sikumwomba.

Sasa sikilizeni. Dada, niko sawa? Naenda polepole? Haya.

Kulikuwa na mama wa Njukini, muuza maharagwe sokoni, amelazwa kwa nimonia. Anaendelea vizuri. Tukafika kwake, wa usiku akaeleza: homa imeshuka, anakula, kesho huenda akaruhusiwa. Tukawa tunageuka kwenda kitanda kingine. Nikamwona mama amefungua mdomo, akaufunga. Sikusikia kitu. Niliona. Nikasema, "Ngojeni. Mama, ulitaka kusema?"

"Samahani daktari. Kifua ni kweli, kimepona. Lakini na huu mguu je?"

Kaka akauliza, "Mguu gani, mama?"

"Tangu juzi umevimba. Nikikanyaga unauma."

"Na mbona hukusema?"

Akamwangalia bila ubaya wowote. "Nimwambie nani? Kila siku mnaingia kule ndani mnafunga mlango kunizungumzia. Nilifikiri mnajua."

Kaka akainua taratibu leso aliyojifunika mama. Miguu miwili haikuwa sawa. Akalishika shavu la ule mguu, mama akaruka kwa uchungu. Nilimwona kaka akibadilika uso. Akaenda kumwita daktari, si kwa kutembea. Mama akapigwa picha, ikaonekana damu imeganda kwenye mshipa. Daktari akatueleza kwamba ile damu ingeweza kupanda hadi kwenye mapafu, na kesho yake tungekuwa tumempakia mama kwenye gari la Taveta tukimpungia mkono!

Akaanzishiwa dawa. Akapona. Alitoka kwa miguu yake, akiwaaga hata wa vitanda asivyovijua.

Na siku ile ile ya mguu, kwenye veranda, kaka yangu alinipita, akarudi, akaja kusimama mbele yangu ili nimwone uso. Akasema, "Dada, kile chumba mimi sirudi tena."

Nilisikia kila neno! Nilitaka kuimba pale pale.

Kuanzia hapo hatukusukuma mtu. Vitanda vya kona ile vikawa wadi nzima. Wa wadi ya wanaume wakaja kuchungulia, wakajifanya wamekuja kuazima mashini ya presha. Wa kina mama waliojifungua wakachukua, wakaigeuza: wao wanamwacha mama mwenyewe aanze kueleza usiku ulivyokuwa, nesi anajazia. Mtu akaja kunishtakia, "Wanaifanya vibaya." Nikaenda kutazama. Ilikuwa nzuri kuliko yetu! Nasi tukaiga. Zile karatasi mbili ukutani ziliondolewa na fundi wa kupaka rangi, na hakuna aliyeziulizia.

Sisemi yote ni asali. Kuna daktari mmoja hadi leo anatoa maelezo akiwa anatembea, mimi naona mgongo tu. Kuna asubuhi wauguzi ni wachache tunarukaruka vitanda. Na masikio yangu hayajarudi, yanaendelea kupungua, nimeambiwa yatapungua zaidi. Lakini nimerudi wadini. Jumatatu hii mimi na kaka tunaenda Taveta, wauguzi wa kule wametuita wenyewe tukawaonyeshe. Yule aliyesema ni kazi ya vitabu ndiye atakayefundisha! Ameshanyoosha shati.

Namshukuru Mungu. Namshukuru metroni aliyeketi kwenye mashuka yangu. Namshukuru kaka kwa ubishi wake, maana bila huo tungekuwa na makofi na sambusa tu. Namshukuru yule mama wa Njukini aliyeuliza. Na mume wangu, yule pale, shati la kijani, usijifiche: siku hizi akitaka kuniambia jambo anaweka simu chini, anaingia chumba nilichomo, anakuja mbele yangu ndio anaongea. Tumerudi kutazamana kama wachumba.

Nilichojifunza ni hiki. Ukiwa mkubwa wa watu, kabla hujawaambia wabadilike, kaa chini uwaulize wanahitaji nini, na yule anayekupinga mwulize kwanza. Na ukiwa ni wewe uliyewekwa stoo, usiishie kusema usichoweza. Sema unachohitaji, hata kama shuka zinalowa.

Sasa mwenyekiti anaangalia saa, lakini sikai bado. Tuko wengi hapa, na kila mmoja ana kazini kwake, ana nyumbani kwake. Mama uliye karibu na mlango, wewe mwenye kitambaa cha buluu, nakuona tangu nianze unafungua mdomo na kuufunga. Simama, mama. Tunakuangalia sote. Unahitaji nini?