Tone, Mpima Watoto Ambaye Hakupimwa

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni tukae pamoja. Kila wiki mnaniletea watu wenu, nami nawasema hapa kwa heshima. Leo nimemleta wangu. Ni mke wangu. Alikuwa mpima watoto kwenye kituo cha afya, na amekufa kwa presha. Narudia kwa aliyechelewa kufungua redio. Mpima watoto, amekufa kwa presha, akiwa kazini kwenye kituo cha afya.

Shule niliishia chini, kwa hiyo maneno makubwa ya daktari nitayasema kwa udogo wangu.

Nyumbani walimwita Tone. Alizaliwa kabla ya siku zake, mdogo wa kuogopesha. Mkunga alimtazama akasema, "Huyu si mtoto, ni tone." Jina likaganda. Mama yake, yaani mama mkwe wangu, hakuwa tayari kuzika. Akamlisha. Maziwa ya kifua, juu yake uji mzito, juu yake maziwa ya kopo na sukari. Akilala anaamshwa ale. Haukupita muda, Tone akawa duara. Mama mkwe aliwahi kuniambia, "Mwanangu, mashavu yalikuwa yanafunika macho. Nilipita naye mtaani kama mtu aliyeshinda uchaguzi."

Alipokua, unene ukaisha. Mimi nilimwoa mwembamba, mwepesi wa miguu na wa mdomo.

Chumba chake cha kazi kilikuwa na benchi la mbao, rangi inayobanduka ukutani, na mizani imening'inia kwenye ndoano. Anamvalisha mtoto suruali ya turubai, anamtundika. Mtoto akilia, Tone anamwambia, "Vumilia bwana mkubwa, hata nyama buchani haipigi kelele hivi." Kina mama wanacheka, na mtoto anashangaa, ananyamaza.

Pale kulikuwa na desturi. Mtoto aliyeongezeka kuliko wenzake anapigiwa makofi. Mkuu wa kituo ndiye aliyeianzisha. Watoto wanono walimpendeza, kwa sababu wageni wa ofisi za juu wakija, wanapiga nao picha. Basi asubuhi ya kliniki kina mama wanashindilia watoto uji ili wapate makofi.

Siku moja akaja daktari wa watoto kuwafundisha. Wote walikaa chumba kimoja, mkuu akiwa mbele. Jioni Tone akanisimulia mezani. Daktari alisema mtoto aliyezaliwa mdogo lazima akue, hilo halina ubishi, na maziwa ya mama ndiyo ya kwanza. Lakini akijazwa haraka haraka, mishipa yake ya damu inaweza kuja kuwa migumu kabla ya umri wake. Moyo unasukuma kwa nguvu, presha inapanda, mwenyewe hana habari. Si kila mtoto. Lakini wapo.

Nikamuuliza, "Kama mpira wa kumwagilia bustani uliokaa juani?"

"Kama huo huo."

Kisha akasema, "Mume wangu, ni mimi huyo."

Kuanzia hapo Tone hakupiga makofi tena. Mama wa mtoto aliyezaliwa mdogo alikuwa anamwambia, "Dada, anapanda vizuri, usimkimbize. Mtoto si gunia." Mkuu hakupenda. Na Tone akaenda ofisini kwake kuomba apimwe presha.

Kifaa kilikuwepo, wasikilizaji. Kilikuwa kwenye kabati la mkuu, upande wa pili wa ukuta wa chumba cha mizani. Mkuu akamjibu, "Hiki kimepangiwa wajawazito na wazee. Wewe huna tumbo wala mvi. Kabebe mimba kwanza, uje." Ofisi nzima ikacheka. Tone naye akacheka. Ungefanyaje mbele ya bosi?

Kichwa kikaanza kumuuma. Akarudi kuomba. Wakamwambia anywe maji. Mtaniuliza, kwa nini hakwenda kwingine? Ruhusa. Mizani ilikuwa na mtu mmoja, na ruhusa ilitoka kwa mkuu yule yule. "Ukitoka, nani atatundika watoto?"

Siku yake ilipofika, alikuwa amembeba mtoto wa mtu. Mama wa mtoto yule alikuja msibani akaniambia, "Shemeji, mkono mmoja ulilegea. Akamkumbatia mwanangu kwa ule mwingine, akashuka naye chini polepole, akanikabidhi. Ndipo akalala." Mshipa ulikuwa umepasuka kichwani. Jua halijafika katikati, Tone hayupo.

Makaburini mkuu alipewa nafasi aseme. Akasema, "Mwenzetu ametutoka ghafla." Ghafla. Mtu amekuja mlangoni kwako anashika kichwa, umemrudisha, amekuja tena, umemrudisha. Hiyo ndiyo ghafla yao.

Na mama mkwe wangu hali chakula. Amekaa jikoni anasema, "Ni uji wangu uliomuua mwanangu. Daktari kasema." Binti yetu anambembeleza, "Bibi, kula kidogo." Anageuza uso.

Juzi nilikwenda kituoni kuchukua kandambili zake na kikombe. Mkuu akaniita ofisini. Sauti laini, kiti kimevutwa. "Keti, baba. Umepata mshtuko, tukupime presha." Mimi sina tumbo, na mvi ninazo za kuhesabu. Nikanyoosha mkono. Kitambaa kikajaa upepo, kikabana, kikaachia. Akasema, "Iko sawa." Nikauliza, "Ndiyo imekwisha?" Akasema, "Ndiyo, baba, imekwisha." Nilikuwa bado sijakaa vizuri kwenye kiti.

Wasikilizaji wapendwa, natoa pole kwa binti yangu. Natoa pole kwa kina mama wa benchi lile. Na kwako mama mkwe, najua redio iko wazi hapo jikoni. Ulipewa mtoto wa kufa ukamfanya wa kuishi. Hakuna aliyekuwa amekwambia lolote. Wao waliambiwa, wakakaa mbele, wakaandika, wakafunga kabati. Kula, mama.

Nanyi wengine, muulizeni aliyewalea mlizaliwa vipi. Kama ulizaliwa mdogo ukajazwa upesi, nenda ukapimwe presha, hata uwe mwembamba, hata uwe kijana. Kama una mtoto wa hivyo, mnyonyeshe, mpeleke kliniki, mwache akue kwa mwendo wake.

Na wewe uliyeshika ufunguo, tafakari na wewe. Mtu akinyoosha mkono, mpime.